Kazi ya Nyumbani: Msikilize Mtoto, Usimfanyie

Mtoto akifika Darasa la Tano, kuna jambo hubadilika shuleni bila mtu kumwambia mzazi. Madaftari yanaongezeka, hilo kila mtu analiona: la Hisabati, la Kiswahili, la Kiingereza, la Sayansi na mengineyo, na mara nyingi kila somo lina mwalimu wake. Lisiloonekana ni kwamba shule sasa imeacha kumfundisha kusoma. Inamchukulia kuwa anajua. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ilikuwa kazi ya madarasa ya chini, la nne akafanya upimaji wa kitaifa, na kuanzia hapa anasoma ili apate mambo mengine: mmeng'enyo wa chakula, misafara ya biashara ya karne ya 19, kazi za serikali ya kijiji. Kama kusoma kwenyewe bado kunamsumbua, kila kazi ya nyumbani atakayopewa itakuwa mtihani wa kusoma kwa jina la somo lingine.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta tuisheni, na kabla ya kugombana naye kuhusu televisheni, mpime kusoma. Haichukui hata robo saa. Fungua kitabu chake cha Sayansi kwenye ukurasa ambao bado hawajaufikia darasani, umwambie asome aya moja kwa sauti. Usimsahihishe. Akimaliza, funga kitabu umwambie: haya, nisimulie ulichosoma.

Anayesoma vizuri atakusimulia kwa maneno yake, labda akisahau jina moja au mawili. Mwingine atakwama kwenye maneno marefu, "wanaoshughulika", "yaliyosababishwa", ayakisie kwa herufi za mwanzo, na hapo tatizo linajionyesha lenyewe. Halafu kuna yule anayesoma haraka, sauti nzuri, bila kukwama popote, na ukimwambia asimulie anakutazama. Hana la kusema kwa sababu alikuwa anatamka tu. Huyu ndiye anayewapita wazazi na walimu wengi, maana kwa sikio haonekani kuwa na shida yoyote. Tafiti za Uwezo, zilizoanza Tanzania, Kenya na Uganda karibu na mwaka 2010, zilipita nyumba kwa nyumba zikiwa na hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili, na zilikuta watoto wa madarasa ya juu walioshindwa kuisoma. Walikuwa wameandikishwa shule kama wenzao.

Ukigundua mtoto wako ni mmoja wao, usimkaripie, na wala usimwongezee masomo. Punguza. Kila siku, kabla hajagusa zoezi lolote, asome kwa sauti robo saa na kusimulia. Kama kitabu cha la tano kinamshinda, mpe cha la tatu, bila kumtangazia mdogo wake. Gazeti lililofungia mandazi linafaa, na maelezo ya nyuma ya pakiti ya mbegu yanafaa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, na ukiwa na simu yenye bando unaweza kumfungulia humo kitabu ambacho shuleni wanakisoma watatu kwa kimoja. Kinachotakiwa ni asome kila siku mbele ya mtu anayemsikiliza kweli. Anayesikiliza si lazima awe anajua kusoma vizuri, bibi anatosha kabisa, kwa sababu bibi atauliza "kisha ikawaje?" na mtoto atalazimika kurudi kwenye maandishi kutafuta jibu.

Hata Hisabati, ambayo wengi huiona ni somo la namba, huharibikia kwenye kusoma. Chukua swali la aina hii: Mama alinunua kilo mbili na nusu za sukari kwa shilingi 3,200 kila kilo. Alitoa noti ya shilingi 10,000. Alirudishiwa shilingi ngapi? Mtoto unayemtuma dukani kila jioni, ambaye hajawahi kukuletea chenji pungufu, akikutana na swali hili daftarini anaweza kuandika 10,000 − 3,200 = 6,800 akafunga daftari. Amesoma namba, maneno ameyaruka. Ameona namba kubwa mbili na neno "alirudishiwa", akajua hapa ni kutoa, basi akatoa.

Ukimwambia "umekosa, rudia", atarudia kwa kubadilisha alama: safari hii atazidisha. Mwambie badala yake asimulie swali bila kutaja namba hata moja. Mama kaenda dukani, kanunua sukari, sukari inauzwa kwa kilo, katoa noti, anasubiri chenji. Sasa muulize: tunatafuta nini, na tunahitaji kujua nini kwanza kabla ya chenji? Hapo wengi hujibu wenyewe, "bei ya sukari yote." Kisha, kabla hajaandika, akadirie. Kilo mbili tu ni 6,400, tatu ni 9,600, kwa hiyo malipo yako hapo katikati, na chenji haiwezi kuzidi 3,600. Jibu la 6,800 limeshakataliwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Akija kupata 8,000 na chenji ya 2,000, atajua mwenyewe kuwa ni sahihi. Hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani hutakuwepo kumwambia.

Kuna kosa jingine la madarasa haya ambalo napenda kulieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mtoto hulifanya akiwa ametii kanuni. Watoto wetu hufundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wanaiimba vizuri. Sasa mpe 20 − 6 + 4. Anayefuata herufi zile neno kwa neno atasema jumlisha inatangulia toa, kwa hiyo 6 + 4 ni 10, na 20 toa 10 ni 10. Jibu sahihi ni 18. Kujumlisha na kutoa vina cheo sawa. Vikikutana peke yao, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Upande wa GA na ZI kanuni haileti madhara, kwani ukianza kugawanya jibu halibadiliki, lakini JUTO inawakosesha watoto hodari kabisa, na wanabaki hawajui kwa nini wamewekewa alama ya kosa. Mzazi ambaye aliishia la saba miaka mingi iliyopita anaweza kulimaliza tatizo hili mezani: ulikuwa na shilingi 20,000, ukatumia 6,000, kisha shangazi akakupa 4,000. Una ngapi? Hakuna mtoto atakayesema 10,000. Mwache akae na majibu yake mawili, la daftari na la mfukoni, mpaka aone mwenyewe lipi limekosea na kwa nini.

Sehemu nazo zina kosa lake la kudumu. Nusu jumlisha robo, mtoto anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili anapata 2/6. Usianze na KDS, kigawe kidogo cha shirika. Muulize kwanza kama nusu mkate ukiongeza robo mkate unaweza kupata kipande kidogo kuliko ile nusu uliyoanza nayo.

Utaona kuwa katika yote haya mzazi hafundishi. Anauliza, anasikiliza, anamwachia mtoto aseme. Nasisitiza hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kibinadamu: mara nyingi mzazi akianza kufundisha anaishia kupiga kelele, na njia aliyofundishwa yeye si ile anayotumia mwalimu wa sasa, kwa hiyo mtoto anarudi shuleni na njia mbili nusunusu. Ya pili inahusu kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi walisoma habari fupi kisha wakairudia kuisoma. Wengine waliisoma, wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha bila kuangalia ndio waliokuwa wamebaki na mengi zaidi. Linganisha na yanayofanyika majumbani, mtoto akiambiwa "kasome" anakaa na daftari wazi, macho yanapita juu ya maandishi aliyonakili ubaoni, midomo inacheza, na mzazi anaridhika kuwa anasoma. Mwambie alifunge. Aeleze, au achore, au aandike pembeni anachokumbuka, kisha afungue aone alichosahau. Ni kazi ngumu zaidi, atalalamika, lakini kwa masomo kama Sayansi hakuna njia nyingine ya bure inayoifikia.

Kuhusu muda, wazazi wa mjini siku hizi wanashindana. Mtoto wa la sita anatoka shuleni, anapitiliza tuisheni, anarudi giza limeingia, anakula, anafungua mazoezi, analala saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri basi la shule linapiga honi. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye kwa miaka mingi amekusanya na kulinganisha tafiti za kazi za nyumbani, alionyesha mwaka 2006 kuwa uhusiano kati ya kazi hizo na ufaulu ni mdogo kwa watoto wa msingi na unakuwa mkubwa zaidi kwa wa sekondari. Kipimo kinachohusishwa naye ni dakika kumi kwa kila darasa: la tano dakika 50, la sita saa moja. Hicho ni kipimo cha Marekani, kwenye nyumba zenye taa na meza, na mimi nakichukulia kuwa ukomo wa juu. Saa moja ya kichwa kilichopumzika inashinda saa tatu za kusinzia juu ya daftari.

Kijijini tatizo ni kinyume, saa yenyewe haipatikani. Mtoto akirudi kuna maji ya kuchota, kuni, mbuzi wa kurudisha, mdogo wa kubeba, na jua likizama saa moja kazi inahamia kwenye kibatari au tochi ya simu. Akiwa msichana, ongeza jiko na vyombo. Simwambii mzazi afute kazi za nyumba, maana hazifutiki, na mtoto asiyejua kazi naye ni tatizo jingine. Panga tu zamu. Daftari litangulie mwanga ungali upo, vyombo vifuate gizani, kwa kuwa vyombo vinaosheka gizani na sehemu hazijumlishiki gizani. Na kama kaka mtu anasoma uani wakati dada yake wa la saba yuko jikoni, hapo wa kusemwa ni mwenye nyumba. Hii mada ina makala yake, niishie hapo.

Kuna wazazi walio upande wa pili kabisa, wanaofanya kazi za watoto wao. Kenya walionja hali hii mtaala wa umilisi ulipoingia. Watoto wa shule ya msingi walipewa kazi za kutengeneza vitu, na jioni ungewakuta wazazi kwenye saiba wamepanga foleni kuchapisha picha, au sebuleni wakishona sanamu ya kufukuzia ndege shambani huku mwenye kazi amelala. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi kufika mahakamani. Hapa kwetu Tanzania kila mwalimu anayekagua madaftari anaijua ile kazi ya mchoro wa jicho la binadamu iliyochorwa kwa mkono wa mtu mzima na kuandikwa lebo kwa mwandiko wa ofisini. Anaiwekea vema, afanyeje. Lakini vema ile inamdanganya kuwa darasa limeelewa, na kesho anaendelea na mada inayofuata. Mtoto akishindwa, aende na kosa lake shuleni. Mwandikie mwalimu mstari mmoja chini ya zoezi: "Swali la nne amejaribu, ameshindwa." Mstari huo una faida kwa mwalimu kuliko ukurasa mzima uliopendeza.

Tuisheni nayo niiseme haraka. Inafaa pale mwalimu anapokaa na watoto wachache, anajua kila mmoja amekwama wapi, na anarudi nyuma hadi hapo. Ikiwa ni watoto arobaini kwenye ukumbi wakinakili maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake, umenunua darasa lile lile mara ya pili. Tangu Januari 2016 michango ya lazima katika shule za msingi za serikali imeondolewa, na fedha iliyookolewa imehamia huko katika nyumba nyingi. Kabla hujalipa, nenda ukasimame mlangoni jioni moja uone nani anaongea zaidi, mwalimu au watoto.

Walimu watanisamehe nikiingia darasani kwao. Darasa la watoto themanini, kipindi cha dakika 40: ukitumia dakika moja tu kwa kila daftari umemaliza vipindi viwili hujafundisha neno. Ndiyo maana kazi nyingi za nyumbani hutolewa, zikakusanywa, zikakaa ofisini wiki nzima, na kurudi na tiki moja kubwa iliyokata ukurasa. Mtoto anajifunza haraka sana kuwa haisomwi, na kuanzia hapo ananakili kwa mwenzake kabla ya kengele. Kazi isiyorudi kesho yake asubuhi ni bora isitolewe. Toa maswali matatu badala ya ishirini, moja kati yake liwe la mada ya wiki iliyopita. Asubuhi wabadilishane madaftari na wa pembeni, soma majibu, kisha chukua kosa moja lililowapata wengi, liandike ubaoni bila jina la mtu, uwaulize: aliyefanya hivi alikuwa anafikiri nini? Dakika kumi za namna hiyo zina mafunzo kuliko kalamu nyekundu ya usiku mzima. Wewe pita katikati ya madawati ukitazama swali moja tu, lile gumu, na uweke akilini nani wa kukaa naye mapumziko.

Na lile swali la "Mmeelewa?" tuliache. Jibu lake ni "Tumeelewa mwalimu!" kwa sauti moja, na anayepaza zaidi mara nyingi ndiye asiyeelewa. Uliza swali, nyamaza, wape muda wa kuambizana wawili wawili, halafu mwite mmoja ambaye hakunyoosha mkono aseme walichokubaliana na jirani yake. Akisema la jirani haogopi sana kukosea. Mtoto aliyechekwa mbele ya darasa la watu themanini hatanyoosha mkono tena mpaka amalize shule.

Kiingereza ndicho kinachowatia wazazi unyonge kuliko masomo yote, na wasiwasi wao una msingi. Katika shule za serikali mtoto anasoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, kisha akiingia Kidato cha Kwanza karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Muda wa kujiandaa nao unapungua: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Mzazi usiyejua lugha hiyo bado una la kufanya. Mwambie mtoto akusomee aya ya Kiingereza kisha akueleze kwa Kiswahili. Usipoweza kumhakiki, haidhuru. Akibabaika utamwona usoni. Maneno matano aliyoshindwa ayaandike kwenye karatasi ya peke yake, ayaulize shuleni kesho, na jioni akufundishe wewe. Watoto wa umri huu wanapenda sana kumfundisha mtu mzima, tena bila huruma.

Mwisho wa yote kuna mwalimu, na wazazi wengi humwona mara mbili, siku ya kuandikisha na siku ya matokeo. Nenda katikati ya muhula, jioni watoto wakishatoka, usiende asubuhi ana vipindi. Usiulize "mwanangu anaendeleaje", kwa sababu utajibiwa "anaendelea vizuri, aongeze bidii." Nenda na daftari la Hisabati mkononi, fungua ukurasa wenye makosa, uliza: kosa hili linatokana na nini, na mwezi huu tufanye nini nyumbani? Mwalimu aliyeulizwa hivyo hufungua madaftari mengine mwenyewe. Kama kazi inakuwezesha kufika Jumamosi tu, mpe mtoto karatasi yenye maswali hayo mawili na namba yako ya simu, na umpe mwalimu siku kadhaa, hasa wiki za majaribio, akiwa na mitihani ya madarasa matatu mezani.